Vidonda vya Kulalia na Zamu ya Kumgeuza Mgonjwa

Somo hili limeandaliwa kwa makatibu wa vyama vya msingi na kwa wanachama ambao nyumbani mwao kuna mtu asiyeweza kujigeuza kitandani. Linafaa kusomwa kwa sauti katika kikundi cha masomo, na ikiwa muda ni mfupi laweza kugawanywa katika vikao viwili. Mambo yanayoelezwa humu hayahitaji elimu kubwa. Yanahitaji saa, daftari, mito michache na watu wa kutosha. Na watu ndio mali ambayo chama cha ushirika kinayo hata msimu ukiwa mbaya.

Uchukuliwe mfano wa mwanachama mmoja mzee. Kwa miaka mingi alileta kahawa yake chamani, na aliwahi kuwa mjumbe wa kamati. Kisha aliugua kiharusi, upande wake wa kulia ukapooza. Alilazwa hospitalini wiki mbili, akarudishwa nyumbani kwa kuwa hatari ya kufa ilikuwa imepita. Mkewe ni marehemu, wanawe wakubwa wako mjini, na anayemwuguza ni mke wa mwanawe mdogo. Mwanamke huyu humlisha mzee, humnywesha, hufua mashuka, hulima shamba na kuwatazama watoto. Katika mwezi wa pili harufu ilisikika chumbani. Shuka lilipofunuliwa, juu ya kifandugu palionekana shimo ambalo ngumi ya mtoto mchanga ingeingia. Ndugu waliofika kutoka mjini walisema mkwe huyo amemtupa mzee. Mfano huu haumhusu mtu yeyote mmoja, lakini ni vigumu kukikuta chama ambacho wanachama wake hawatamtambua mzee huyo na mkwewe.

Chanzo cha kidonda

Kidonda cha kulalia ni sehemu ya mwili iliyokufa kwa kukosa damu. Hakiletwi na uchafu, wala na ugonjwa uliomlaza mtu, wala na laana. Huletwa na uzito wa mwili kukaa mahali pamoja kwa muda mrefu.

Karani wa ghala analielewa jambo hili kuliko anavyodhani. Mifuko ya mbolea ikipangwa juu ya chaga na kuachwa miezi bila kupangwa upya, ule wa chini kabisa huganda kama jiwe, na huganda zaidi pale ubao wa chaga ulipochomoza. Uzito ni uleule juu ya mfuko mzima, ila ubao uliochomoza huukusanya mahali pamoja. Katika mwili wa binadamu ubao huo ni mfupa. Mtu akilala chali, uzito hukusanyika kisogoni, nyuma ya mabega, viwikoni, juu ya kifandugu na visiginoni. Akilala ubavu, hukusanyika sikioni, begani, kwenye nyonga, ubavuni mwa goti na kwenye kifundo cha mguu. Akiketi kutwa kitini, hukusanyika matakoni.

Damu hulishwa ngozi na nyama kwa mishipa midogo sana, yenye msukumo mdogo. Mwaka 1930 mtaalamu Mmarekani Eugene Landis aliupima msukumo huo katika vimishipa vya vidole vya watu, akapata kiasi cha milimita 32 za zebaki upande damu inapoingilia. Mfupa unaolaliwa juu ya kitanda kigumu waweza kukandamiza kwa nguvu inayopita hiyo mara kadhaa. Mishipa hufungika, na nyama iliyo kati ya mfupa na kitanda huanza kufa. Mtu mzima wa afya hapatwi na haya kwa sababu huhisi ganzi na maumivu, akajigeuza usingizini mara nyingi bila kujua. Aliyepooza hahisi, au huhisi lakini hawezi kujigeuza.

Mambo mawili huharakisha madhara hayo. La kwanza ni kuburutwa. Mgonjwa aliyeegemezwa kwa mito mirefu huteleza polepole kuelekea miguuni. Ngozi hubaki imeshikamana na shuka ilhali mifupa inashuka, na mishipa iliyo katikati hupindika kama mpira wa maji uliokunjwa. Anayemvuta mgonjwa juu kwa kumkamata makwapani humfanyia vivyo hivyo. La pili ni unyevu: ngozi iliyolowa mkojo, jasho au choo hulainika, ikachubuka upesi.

Yapasa kukumbuka pia kwamba madhara mara nyingi huanzia ndani, karibu na mfupa, kisha ndipo yatokeze juu. Ndiyo maana watu husema kidonda kilitokea usiku mmoja. Usiku ule ngozi ilipasuka tu. Nyama ilikuwa imekwisha kufa siku nyingi kabla.

Saa mbili

Wakati mmoja hata mabingwa walikata tamaa. Katika karne ya 19 daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot, aliyekuwa na sifa kubwa mjini Paris, alifundisha kwamba vidonda hivi huletwa na kuharibika kwa neva zenyewe. Kwa mafundisho hayo mwuguzi hakuwa na la kufanya ila kungoja. Wenzake wengine walimpinga, lakini fikira hiyo iliishi muda mrefu, na mpaka leo inaishi vijijini kwa jina jingine, pale inaposemwa kwamba aliyepooza lazima aoze.

Fikira hiyo ilivunjwa wodini. Tarehe 1 Februari 1944, katika hospitali ya Stoke Mandeville nchini Uingereza, ilifunguliwa wodi ya askari waliovunjika uti wa mgongo. Aliyekabidhiwa wodi hiyo ni Ludwig Guttmann, daktari Myahudi aliyekimbia kutoka Ujerumani mwaka 1939. Majeruhi wa namna ile walitazamiwa kufa kwa vidonda vya kulalia na kwa maambukizo ya mkojo. Guttmann aliamuru wageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, bila kuruka zamu hata moja. Tarehe 29 Julai 1948 majeruhi 16 wa namna ile walishindana kwa upinde na mishale katika uwanja wa hospitali, na mashindano hayo ndiyo asili ya michezo ya Paralimpiki. Watu waliotazamiwa kuzikwa waliishi kwa sababu mtu fulani aliamka usiku kuwageuza.

Saa mbili si amri isiyobadilika. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013, uliofanywa katika nyumba za wazee za Marekani na Kanada, haukuona tofauti kubwa kati ya waliogeuzwa kila saa mbili, tatu au nne. Lakini wazee wale walilala juu ya magodoro mazito ya sponji yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo, na ngozi zao zilitazamwa kila walipogeuzwa. Anayelalia mkeka, kitanda cha kamba, au godoro jembamba lililobonyea katikati asihesabiwe pamoja nao. Kwake yeye ianzwe na saa mbili, na ngozi yenyewe itaeleza kama zinatosha. Alama iliyoachwa na kulala ikiwa haijafutika nusu saa baada ya kumgeuza, basi muda ule ni mrefu mno.

Nani atatazama?

Kila maelezo ya uuguzi yanasema ngozi ya mgonjwa itazamwe kila siku. Ni rahisi kuandika hivyo. Ugumu ni kwamba mahali panapooza zaidi ni kifandugu na matako, na yule mzee wa mfano anauguzwa na mkwewe. Katika makabila mengi ya nchi hizi mke wa mwana hawezi kumwona baba mkwe utupu, na mzee mwenyewe aona heri afe kuliko kufunuliwa naye. Kila asubuhi mama huyo huingia akapiga magoti mlangoni.

"Shikamoo baba. Umeamkaje?"

"Marahaba mama. Nimeamka salama."

Humwosha uso, mikono na miguu, akambadilishia shuka la juu, akatoka. Mzee hasemi kwamba mgongo wa chini unawaka, maana akisema itabidi atazamwe. Mama haulizi, maana akiuliza itakuwa ameomba kutazama. Wote wawili wanashika adabu waliyofundishwa, na chini ya adabu hiyo nyama inakufa. Kumlaumu mama huyu kwa uzembe ni dhuluma. Kosa lilitendwa siku mzee alipotolewa hospitalini, pale ambapo hakuna aliyeuliza ni nani katika ukoo ana ruhusa ya kumgeuza na kumfunua.

Hilo ndilo swali la kwanza ambalo katibu au mjumbe wa kamati anapaswa kuuliza anapopata habari kwamba mwanachama amelazwa kitandani nyumbani. Majibu hayakosekani. Mjukuu wa kiume aliyekwisha balehe anaweza, kwani baina ya babu na mjukuu kuna utani unaoruhusu mengi. Wanaume wa rika lake wanaweza, na aghalabu wazee huwakubali hao upesi zaidi: aliyetahiriwa pamoja naye, au aliyekaa naye kamati moja. Mgonjwa akiwa mwanamke, jambo hili lipangwe na wanawake wenyewe, na wanakamati wanaume wasijitie ndani. Mgonjwa mwenyewe aulizwe. Aliyepotewa na usemi kwa kiharusi bado anaweza kukubali au kukataa kwa kichwa au kwa mkono, naye ana haki hiyo.

Anayetazama apaswa kujua anatafuta nini. Vitabu vingi husema dalili ya kwanza ni wekundu, kwa kuwa viliandikwa kwa ajili ya watu weupe. Katika ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani vizuri, na wengi wamepita juu yake. Itafutwe sehemu iliyo nyeusi kuliko ngozi inayoizunguka, au yenye rangi ya zambarau, au inayong'aa. Ipapaswe kwa nyuma ya mkono: huenda ikawa na joto au ubaridi kuliko jirani yake, huenda ikawa ngumu, au laini kama embe lililoiva kupita kiasi. Mgonjwa aulizwe kama panauma. Kazi hii ifanyike kwenye mwanga wa dirisha au kwa tochi. Sehemu ya namna hiyo ikipatikana, mgonjwa asiilalie tena mpaka ipone, na isisuguliwe. Zamani hata katika hospitali wauguzi walifundishwa kuisugua kwa spiriti na poda ili damu ipite. Mafundisho hayo yameachwa, kwa kuwa kusugua huzidi kuichana nyama iliyokwisha dhoofika.

Hesabu ya muuguzi Norton

Mwaka 1962 muuguzi Mwingereza Doreen Norton, pamoja na wenzake wawili, alitoa njia ya kumpima mgonjwa kwa hesabu ili ijulikane mapema kama yumo hatarini. Njia hiyo inamfaa sana katibu, kwa maana ni ya kujumlisha tu. Mambo matano hutazamwa, na kila moja hupewa alama 4 likiwa jema hadi 1 likiwa baya kabisa: hali ya mwili kwa jumla, fahamu na akili, kutembea, uwezo wa kujisogeza viungo, na kuzuia mkojo na choo. Mwenye afya kamili hupata 20. Anayepata 14 au chini ya hapo yumo hatarini.

Mzee wa mfano, siku aliyotoka hospitalini, angepimwa hivi. Mwili wa wastani, 3. Akili mpo lakini mzito na amekata tamaa, 3. Hatoki kitandani, 1. Kujisogeza ni kwa shida kubwa, 2. Mkojo humtoka mara nyingi bila hiari, 2. Jumla ni 11. Hesabu hiyo ilichukua dakika tano, na ingalionyesha hatari wiki nyingi kabla ya harufu.

Daftari la zamu

Mtu mmoja hawezi kumgeuza mgonjwa mchana na usiku kwa miezi. Atajaribu siku kumi, kisha atalala fofofo. Zamu ni kazi ya watu sita au wanane, na chama kina desturi ya kupanga zamu za mizani, za ulinzi wa ghala na za mapokezi ya mazao. Daftari liwe mfano wa lile la mapokezi: tarehe, saa, upande aliolazwa, hali ya ngozi, sahihi ya aliyegeuza. Litundikwe kwa kamba kando ya kitanda. Asiyejua kuandika aweke alama ya dole au msalaba. Mahali patupu katika daftari huonyesha saa iliyorukwa, na watu huona haya kuacha mahali patupu palipo na jina lao.

Mchana waweza kuanza saa 12 asubuhi kwa ubavu wa kushoto, saa 2 chali, saa 4 ubavu wa kulia, na kuendelea hivyo. Upande uliopooza ulaliwe muda mfupi zaidi, maana hausemi unapoumia. Usiku ndio wenye taabu. Vijana wawili wa jirani wakishika saa 4 na saa 6, na wa nyumbani wakashika saa 8 na saa 10, hakuna atakayekesha. Pale ambapo hata hilo halipatikani, fedha ya kwanza itumike kununua godoro zito la sponji, ili zamu za usiku ziweze kutengana kwa saa tatu au nne, kwa sharti kwamba alfajiri ngozi itatazamwa.

Namna ya kugeuza nayo ina utaratibu wake. Wageuzaji wawe wawili, mmoja kila upande. Shuka lililokunjwa mara mbili litandikwe chini ya mgonjwa kutoka mabegani mpaka mapajani. Wakikamata ncha zake humwinua na kumsogeza bila kumburuta. Anapolazwa ubavu asisimamishwe wima juu ya mfupa wa nyonga, bali aegemezwe kidogo nyuma, kama nyuzi 30, kwa blanketi lililoviringishwa mgongoni. Mto mwembamba au khanga zilizokunjwa ziwekwe kati ya magoti. Akiwa chali, mto ukae chini ya miguu kutoka magotini mpaka karibu na vifundo, ili visigino vielee hewani. Karatasi ikipitishwa chini yake ipite bila kukwama. Kichwani asiinuliwe sana ila wakati wa kula na kitambo baada ya kula. Mwenye kupumua vizuri na kuvumilia anaweza pia kulazwa kifudifudi kwa muda, akitazamwa, kwani huko mgongo wote hupumzika.

Anayeketi kitini asifikiriwe kwamba yu salama. Uzito wote umeshukia mifupa miwili ya makalio. Asaidiwe kuinuka au kuegemea upande mmoja kila robo saa au nusu saa, na asiketishwe kutwa nzima.

Neno moja kuhusu kata. Watu wengi hutengeneza kata ya kitambaa, kama ile ya kutwikia ndoo, au hutumia mpira wa ndani wa gurudumu, wakamkalisha mgonjwa juu yake ili kidonda kiwe wazi katikati. Nia ni njema, lakini madhara ni makubwa. Ukingo wa kata hubana mishipa kote kuzunguka kidonda na kuikata damu inayokwenda kukiponya. Kata ibaki kichwani kwa wenye kuchota maji.

Chakula, maji na usafi

Wapo wanaompunguzia mgonjwa maji ya kunywa ili asikojoe sana. Shuka hukauka kidogo na mwili hukauka zaidi. Ngozi kavu hupasuka, na mkojo mzito huichoma. Anyweshwe kwa wingi wa kawaida, ila kama daktari amemzuia. Shuka libadilishwe kila likilowa, ngozi ioshwe taratibu kwa maji, ikaushwe kwa kugusa bila kusugua, kisha ipakwe vaselini nyembamba. Makunyanzi ya shuka, makombo ya chakula na vifungo vya nguo navyo huumiza.

Anayeuguza kidonda anahitaji chakula cha kujenga mwili kuliko mkulima anayelima. Wataalamu wanashauri gramu 1.25 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku, maana yake gramu 75 hadi 90 kwa mtu wa kilo 60, isipokuwa mwenye maradhi ya figo aliyepewa maagizo mengine. Uji mtupu na ndizi havifiki huko hata kwa mbali. Yai moja lina gramu 6 hivi, kikombe kikubwa cha maziwa 8, kikombe cha maharage yaliyopikwa kama 15. Dagaa wakavu ni hazina iliyodharauliwa: gramu 30 tu zikisagwa na kuchanganywa katika uji hutoa karibu gramu 18. Aliyepata kiharusi huenda akapaliwa, kwa hiyo alishwe akiwa ameketi wima, polepole, chakula kikiwa kizito cha kulainika.

Kidonda kikiwa kimekwisha tokea

Wauguzi hugawa vidonda hivi katika madaraja manne. La kwanza ngozi ni nzima ila rangi imebadilika na haipauki ikibonyezwa kwa kidole. La pili ngozi ya juu imechubuka au imetoa lengelenge. La tatu ni shimo lililofika kwenye mafuta. La nne limefika kwenye nyama, kano au mfupa. Kilichofunikwa na gamba jeusi hakiwezi kupewa daraja mpaka chini yake paonekane. Daraja la kwanza hupona kwa kuliondolea uzito peke yake. La pili nyumbani panaweza, muuguzi wa zahanati akiwa anapita. La tatu na la nne, na lenye gamba, ni lazima mgonjwa aonwe na daktari. Kupona kwake ni kwa miezi mingi, na baadhi huhitaji kupasuliwa.

Kusafisha ni kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kisichofurika, kwa nusu lita. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla na baada, na glovu zivaliwe. Kama kuna maumivu, paracetamol itolewe nusu saa kabla. Kidonda kisikaushwe kwa jua, kwa kuwa nyama mpya huota penye unyevunyevu. Kifunikwe kwa shashi safi iliyoloweshwa kwa maji yale ya chumvi na kukamuliwa, kisha kitambaa kikavu juu. Chandarua kishushwe mchana pia, ili nzi wasitage. Spiriti, dettol, majivu, dawa ya meno na samadi visiguse kidonda. Vyote huua nyama changa au huleta pepopunda. Vivyo hivyo unga wa vidonge vya rangi mbili, ambao watu hupenda kuunyunyiza. Asali inayotumiwa hospitalini husafishwa kwanza kwa njia maalumu, kwa hiyo ya mzingani isimiminwe bila kumwuliza muuguzi. Harufu ikizidi, muuguzi anaweza kuagiza vidonge vya metronidazole visagwe na kunyunyizwa. Hiyo ni dawa inayojulikana na ya bei nafuu, na humrudishia mgonjwa wageni waliokuwa wakisimama mlangoni.

Homa, kutetemeka, kuchanganyikiwa ghafla, usaha mwingi, uvimbe unaoenea, au mfupa kuonekana, ni dalili za kumpeleka hospitali siku hiyohiyo.

Na ni haki kusema kwamba si kila kidonda kingezuilika. Katika siku za mwisho za mtu anayekufa, damu huiacha ngozi kama inavyoviacha viungo vingine, na kidonda huweza kutokea hata penye uuguzi bora. Hapo kumgeuza kufanywe kwa kadiri ya raha yake, na aliyemwuguza asihukumiwe.

Fedha za mazishi na fedha za godoro

Vyama vingi vina mfuko wa kufa na kuzikana. Mwanachama akifariki, fedha hutolewa siku hiyo, bila mjadala, na turubai na viti hufika kabla ya jioni. Mwanachama huyohuyo alipokuwa hai na anaoza ubavu mmoja, chama hakikuwa na kifungu cha kumnunulia godoro, glovu, sabuni na trei ya mayai. Masharti ya chama hutungwa na wanachama na hurekebishwa na wanachama, katika mkutano mkuu. Kujali jamii ni kanuni ya saba ya ushirika tangu mkutano wa Manchester wa mwaka 1995, kwa hiyo pendekezo la kuongeza kifungu cha uuguzi ndani ya mfuko huo haliwezi kuitwa geni. Magodoro mawili ya chama, yenye vifuniko vya plastiki vya kuoshwa, yakiazimwa kwa kutia sahihi na kurudishwa, yanaweza kuwahudumia wagonjwa wengi kwa zamu. Daftari la zamu lenyewe halina gharama ila ya kalamu.

Maswali ya kikundi

1. Katika eneo la chama, ni wanachama wangapi au wazazi wa wanachama wasioweza kujigeuza wenyewe? Nani katika kikundi anajua majina yao, na nani alimtazama mmoja wao mwezi huu?

2. Mgonjwa mmoja miongoni mwao apimwe kwa hesabu ya Norton. Alama zake ni ngapi?

3. Ni nani kwa mila ya mahali hapa anaruhusiwa kumfunua baba mkwe? Mama mkwe je? Mjane asiye na watoto?

4. Zamu ya kugeuza ya siku saba ipangwe kwa majina, kutoka saa 12 asubuhi hadi saa 12 asubuhi. Ni saa ipi iliyokosa mtu?